Jinsi ya kuskani sarafu za zamani mpaka sungura aonekane masharubu: mwongozo kamili

Nianze na kopo la bibi. Kopo la maziwa ya unga la enzi hizo, ndani kuna heller za Mjerumani, senti kumi zenye tundu, shilingi za simba, rupia moja ya Kaiser, yaani mfalme wa Wajerumani, aliyevaa kofia yenye tai juu, na sumni, yaani senti hamsini, za 1966 zenye sungura, hizo kibao. Bibi alipofariki kopo likaja kwangu, na ndugu wengine wako Mombasa, wengine Muscat, wengine Uingereza, wote wanataka waone kuna nini mle. Mi nikajaribu simu kwanza kama kila mtu, nikaambulia kivuli cha mkono wangu na kitu cha mviringo kinang'aa katikati. Ndo nikahamia kwenye skana, na huko nako nilihangaika miezi kabla sijashtuka kitu kimoja ambacho nakwambia mapema usije ukapita nilikopita: taa ya skana huwezi kuigeuza, kwa hiyo unageuza sarafu. Hayo mengine yote yanakuja baada ya hapo.

Jua kwanza una skana ya aina gani

Skana za mezani ziko aina mbili. Kuna CCD, hizi nene, nzito, zina adapta yake ya kuchomeka ukutani, ndani zina vioo na lenzi kama ya kamera. Epson Perfection V600 ni mfano. Afu kuna CIS, nyembamba kama daftari la hesabu, nyepesi, nyingi zinakula umeme wa USB tu, kama zile Canon LiDE, na zile mashine za kuprinti, kukopi na kuskani kwa pamoja nyingi ni hizi hizi. CIS ina msururu wa vilenzi vidogo sana vilivyokaa karibu kabisa na kioo, inaona vizuri kitu kilichogusa kioo, kikinyanyuka kidogo tu kinaanza ukungu. Kwenye karatasi hamna shida. Sasa sarafu, ukingo wake ndo umeinuka na ndo unaogusa kioo, uso wenyewe umeachana na kioo kwa unene wa karatasi hivi, na ukiiweka ndani ya kibahasha cha plastiki au kile kikasha kigumu walichokifunga wataalamu wa kukadiria sarafu, hapo kwenye CIS usitegemee kitu.

Kama hujui yako ni ipi, chukua rula, laza ncha moja kwenye kioo, ncha nyingine iegemeze juu ya kiberiti, skani. Ukiona namba zinasomeka sentimita moja au mbili tu kutoka kwenye kioo afu zinayeyuka, hiyo ni CIS. Zikisomeka karibu mpaka mwisho ni CCD, na ukiiona mtumba ya namna hiyo kwa bei nzuri usiiache eti kwa sababu ni ya zamani, kwa kazi hii uzamani wake ndo uzuri wake. Muhimu tu uhakikishe ina adapta na kompyuta yako bado inaitambua, nyingine programu zake ziliishia Windows za zamani, hapo programu ya VueScan inaokoa jahazi ila ni ya kulipia.

Sarafu usiioshe

Hili sibembelezi. Nikiwa form two niliisugua ile rupia kwa dawa ya meno ikang'aa kama kijiko kipya, nikajiona bingwa. Leo ukiiskani unaona michirizi midogo midogo imejaa uso mzima, imezungukazunguka kufuata mkono wangu wa siku ile, maana taa ya skana inapiga kwa mshazari na mshazari haufichi mikwaruzo. Mnunuzi yeyote anayejua kazi anaiona hiyo kabla hajakusalimia. Kwa hiyo ndimu, majivu, ukwaju, msasa laini, achana navyo kabisa. Kama kuna vumbi lipulizie na kile kimpira cha kusafishia lenzi, usipulize kwa mdomo mate yataruka. Shika sarafu kwa ukingo, vidole viwili, alama ya kidole kwenye shaba inaweza kubaki hapo milele.

Kioo nacho. Watu wanaogopa sarafu itachana kioo, ila shaba na fedha ni laini kuliko kioo, kinachochana ni chembe ya mchanga iliyojificha katikati ya maandishi, na hiyo inachana kioo na sarafu vyote viwili. Kwa hiyo sarafu unaiweka, huiburuzi. Ukitaka kuisogeza inyanyue uiweke upya. Kioo futa kwa kitambaa laini cha miwani, tone la spiriti unaweka kwenye kitambaa, sio kwenye kioo, maana likipenya pembeni linaingia chini yake na doa la ndani hulitoi bila kufungua mashine. Kuna watu wanatandika plastiki ngumu ya kubaindia vitabu ili kulinda kioo, mi nilijaribu, nikapata mistari ya rangi rangi kama mafuta juu ya maji, ndo inavyokuwa vitu viwili laini vinapogusana. Acha.

Andaa kadi ya manila

Kata kipande cha manila, toboa duara ambalo sarafu inakaa bila kubana, kisha chora mistari nane kuzunguka tundu kama mishale ya dira, uiandike 1 mpaka 8. Bandika kadi kwenye kona ya kioo kwa selotepu. Faida yake ni kwamba sarafu haitelezi, mbele na nyuma zinatoka sehemu ile ile ya kioo, na utajua kila picha sarafu ilikuwa imegeukia wapi. Bila kadi utakuwa unakisia tu. Manila yenyewe iwe nyembamba, isiizidi sarafu unene, na usiweke chochote chini ya sarafu.

Rezolusheni

Hapa watu wanapotea kwa tamaa. Boksi la skana limeandikwa namba kubwa za kutisha, angalia ile inayoitwa ya optikali, hizo nyingine ni kompyuta inabuni pikseli ambazo hazipo. Hesabu ni rahisi: kipenyo cha sarafu kwa milimita, gawa kwa 25.4, zidisha kwa dpi, yaani idadi ya nukta kwa kila inchi. Sumni ya sungura ina kama milimita 21. Kwa 300 dpi unapata pikseli 248, hiyo ni stempu. Kwa 600 unapata 496, inatosha kutuma kwenye simu. Kwa 1200 unapata 992, hapo unaona masharubu ya sungura, kama hayajalika. Mi naskani kila kitu 1200 afu napunguza baadaye, isipokuwa sarafu kubwa kama reale ya Maria Theresa, ile ya fedha ya Austria, ambayo hata 600 inakupa pikseli zaidi ya 900. Kwenda 2400 au 4800 kwa sumni iliyozunguka sokoni miaka kumi ni kukuza uchafu tu, na faili linakuwa zito bila sababu.

Setingi

Programu ya skana ikifunguka ina ile hali ya otomatiki, itoe, nenda ile ya Professional au jina lolote waliloipa. Rangi chagua biti 24. Zima kunoa picha, zima kuondoa vumbi, zima kurekebisha rangi iliyofifia, zima ile ya kuondoa madoadoa ya magazeti. Ya kuondoa vumbi hasa ni adui, ina tabia ya kudhani nukta ndogo kwenye maandishi ya Kiarabu ni uchafu, nilishawahi kupata pesa ya Barghash, sultani wa Zanzibar, ile ya shaba yenye mizani ya mwaka 1299 wa Hijria, ikatoka na nukta pungufu.

Piga prevyuu, kisha chora kisanduku kiikumbatie sarafu tu. Ukiacha kisanduku kikubwa mashine inapima mwanga wa eneo lote, kama pembeni ni peupe sarafu inatoka nyeusi, kama ni peusi sarafu inaungua. Angalia histogramu, ule mchoro wa mwanga wenye umbo la kilima, kile kilima kisigonge ukuta wa kulia, kikigonga maana yake kuna sehemu za fedha zimekuwa nyeupe tupu na hazirudi tena. Ukishapata mwanga mzuri uhifadhi kama setingi yako, ili upande wa pili wa sarafu utoke na mwanga huo huo. Hakuna kitu kinaudhi kama mbele ya dhahabu na nyuma ya kijivu kwenye sarafu moja. Na kama skana yako ni ya taa ya zamani, sio LED, iwashe iache ipate moto dakika kumi hivi, skani za kwanza zinatoka na rangi tofauti na za baadaye. Umeme ukikatika katikati unaanza kupasha upya, hamna namna.

Sasa lile la kugeuza

Skana nyingi taa yake inapiga kutoka upande mmoja tu, kwa mshazari, na upande huo haubadiliki. Macho yetu yamezoea mwanga unaotoka juu, jua liko juu, balbu iko darini, kwa hiyo picha ikiwa na mwanga unaotoka chini ubongo unageuza kila kitu, kilichoinuka unakiona kimezama. Ndo maana shilingi ya 1966 ukiiskani vibaya ule mkono ulioshika mwenge unaonekana kama umechimbwa kwenye chuma badala ya kutokeza, na Mwalimu upande wa pili anaonekana kama amebonyezwa. Sio sarafu mbovu wala mashine mbovu.

Kujua taa inatoka wapi, chukua njiti ya kiberiti ilaze kwenye kioo kukatisha upana, funika na karatasi nyeupe, skani. Kivuli kitaangukia upande mmoja wa njiti, taa iko upande wa pili. Andika kwa penseli pembeni ya mashine, mshale wa taa, umemaliza. Yangu inatokea upande wa mbele nilipokaa, maana yake nikiiweka sarafu imesimama vizuri kwa macho yangu, picha inatoka na mwanga wa chini, yaani kila sarafu ninayoiweka kwa adabu inatoka imebonyea. Miezi yote ile nilikuwa nabadilisha kontrasti.

Kwa hiyo unafanya hivi. Weka sarafu kichwa chake kikielekea kule taa inakotoka, skani, kisha ukishapata picha unaizungusha kwenye kompyuta isimame sawa. Mwanga sasa unatoka juu. Hiyo ndo ya kuanzia, ila usiishie hapo, zungusha sarafu mstari mmoja wa kadi, skani, mwingine, skani. Kwa sarafu ambayo naipenda napiga zote nane, ni kama dakika kumi, afu nazipanga kwenye kompyuta nachagua. Utashangaa. Rupia ya bibi, mwanga ukitoka juu moja kwa moja ile tai ya kwenye kofia inapotea, inakuwa bonge tu, ila ukitoka juu kushoto mabawa yanaachana na unaona manyoya. Shilingi ya simba ya East Africa ni kinyume chake, simba anapendeza mwanga wa juu kabisa ila ile milima nyuma yake inafutika, nikageuza kidogo kulia milima ikarudi na simba hakuharibika. Heller ndogo yenye taji haisumbui, popote inatoka. Senti kumi yenye tundu weka kidogo upande, zile pembe mbili za ndovu zimejikunja kuzunguka tundu kwa hiyo mwanga wowote utapendelea moja na kuionea nyingine, chagua unayoipenda. Na zile heller 20 zilizogongwa Tabora mwaka 1916 kwenye karakana ya reli, wakati vita vimewafungia Wajerumani huko, zile ndo raha ya skana, hazing'ai, chapa imekaa upande, chuma kimekunjamana, kila kovu linaonekana.

Zinazong'aa kama kioo

Hapa skana inashindwa na ni bora niseme. Sarafu mpya kabisa zenye uso wa kioo, zile za kumbukumbu zilizotengenezwa kwa ajili ya wakusanyaji kama ile ya shilingi 50 ya 1974 yenye kifaru, mwanga unagonga uso unaruka kwenda pembeni, haurudi kwenye macho ya skana, kwa hiyo uso unatoka mweusi tii na kifaru mweupe. Wengine wanapenda, mi naona kama picha ya eksrei. Kama una CCD nyanyua ukingo mmoja wa sarafu kwa kipande cha kadi, milimita moja inatosha, upande ule wa mbali na taa kwanza, kisha jaribu wa karibu, ukibahatisha pembe uso unawaka wote. Ila sarafu inakuwa imeinama, kwa hiyo duara linapungua kiduchu na ukizidisha unene wa kadi upande ulionyanyuka unapoteza fokasi. Kwa CIS hilo sahau. Na ule mng'ao unaozunguka kama gurudumu ukitikisa sarafu mpya mkononi, skana haiwezi kuuonyesha, hapo chukua kamera na taa mbili.

Nyuma ya sarafu kuwe na nini

Mfuniko usiufunge juu ya sarafu, unaisukuma. Acha wazi. Chumba kikiwa giza nyuma inatoka nyeusi safi, inapendeza kwa fedha na nikeli. Kama huwezi kupata giza, chukua boksi dogo la viatu vya mtoto, lipake weusi ndani, lifunike juu ya sarafu. Kitambaa cheusi juu ya sarafu moja kwa moja hapana, kinaacha nyuzi. Sasa heller na pesa za shaba zilizoiva mpaka zikawa rangi ya kahawa iliyoungua, nyuma nyeusi inazimeza, hujui ukingo unaishia wapi. Kwa hizo weka karatasi nyeupe au ya bluu mpauko ndani ya boksi kwa juu, isigusane na sarafu, kivuli hakitakuwepo.

Kama huna skana

Stesheneri ya mtaani inawezekana, ila nenda na maelekezo. Mashine zao nyingi ni CIS, kwa hiyo peleka sarafu tupu iliyotolewa kwenye plastiki. Mwambie kijana akuwekee rangi, picha sio maandishi, dpi 600, na akuhifadhie JPEG sio PDF, maana wamezoea PDF na ile inabana picha mpaka inachoka. Na ile sehemu ya juu inayovuta karatasi zenyewe usiisogelee na sarafu. Mi mara ya kwanza kijana aliniangalia, akaangalia sarafu, akaniuliza, "Mzee, kopi ya hela si kesi?" Nikamwonyesha mwaka, akacheka, afu akataka kujua inauzwa bei gani.

Ukishapata picha

Faili la kwanza hifadhi TIFF, aina ya faili isiyoharibu picha kwa kuibana, weka kwenye folda yake, usiliguse tena. Fanya kazi kwenye kopi. Programu ya kuhariri picha ya GIMP ni ya bure na inatosha. Zungusha kwanza sarafu isimame, kisha chukua kifaa cha kuchagua duara, anza kuvuta afu bonyeza Shift ibaki duara kamili, kata. Punguza ukubwa, na kunoa kuwe mwisho kabisa, Unsharp Mask, radiasi 1, kiasi 0.5, ukiona ukingo wa maandishi umepata mstari mweupe umezidisha. Rangi ilinganishe na sarafu yenyewe ukiwa dirishani mchana, sio chini ya balbu ya njano, fedha ikitoka na ukijani au shaba ikitoka nyekundu kama nyanya rekebisha hiyo basi. Kuunganisha mbele na nyuma kwenye picha moja, programu ya IrfanView ina ile ya panorama, sekunde tatu.

Mikwaruzo usiifute kama unauza. Kufuta kovu kwenye picha na kumtumia mtu sarafu yenye kovu huo ni utapeli, hata kama ulifanya kwa kupenda usafi.

Majina ya mafaili yape mpangilio, mi naandika nchi, mwaka, thamani, upande, mfano tz_1966_senti50_sungura, maana baada ya sarafu mia moja scan0001 na scan0087 hazikwambii kitu. Ukituma WhatsApp usitume kama picha, tuma kama dokumenti, ukituma kama picha inabanwa na zile pikseli 992 ulizozisotea zinakuwa uji. Nduguye bibi aliyeko Muscat alinilalamikia mara mbili kwamba sungura haonekani kabla sijajua hilo.

Na jambo la mwisho ambalo simu haikupi hata ufanyeje: picha ya skana ni kipimo. Skani rula mara moja uhakikishe milimita 100 zinatoka pikseli zinazotakiwa, kwa 600 dpi ziwe 2362 au hapo hapo. Baada ya hapo pikseli za sarafu gawa kwa dpi, zidisha kwa 25.4, una kipenyo bila kuigusa. Reale ya kopo la bibi ilitoka pikseli 933, sawa na milimita 39.5, ndo inavyotakiwa. Kuna nyingine niliuziwa Kariakoo kwa maneno matamu, nikaiskani kadi hiyo hiyo, setingi hizo hizo, ikatoka 890, hiyo ni milimita 37.7. Nimeiweka juu ya makaratasi mezani, inazuia upepo wa feni vizuri tu.